Vijiko Sita Asubuhi ya Kamera

Mtu akikuambia kwamba wivu wa wake wenza unaisha siku mume wao anapozikwa, mwambie apite kwetu Kalundu, mjini Uvira, aniulize mimi. Hauishi, unahama. Kwetu ulitoka kwa mama yangu na kwa mke mwenzake, ukavuka ua bila kupiga hodi, ukaingia kwangu mimi ambaye sijawahi kugombania mume na mtu yeyote.

Marehemu baba aliuza chumvi na vitenge karibu na bandari. Nilipokuwa na miaka saba alileta mke wa pili, nikaambiwa nimwite mama mdogo. Vita iliyofuata ilisikika mpaka kule juu milimani Mulenge, na ng'ombe wakapunguza maziwa. Labda natia chumvi kidogo, lakini tulikuwa nayo dukani. Kwa miaka thelathini na moja wale wanawake wawili hawakusemeshana. Mmoja akiwa na neno kwa mwenzake, alimwambia kuku. "Weye kuku, mwambie mwenye ile ndoo aitoshe ku mlango, minye napita." Kuku alisikiliza pande zote mbili kwa adabu, kuliko hata hakimu. Mimi nilikuwa upande wa mama. Sikuwa na ndugu, na mama mdogo hakujaliwa mtoto, kwa hiyo jeshi letu lilikuwa kubwa kuliko lake kwa mtu mmoja. Mama alinifundisha kumchukia mwenzake, nami nilikuwa mwanafunzi hodari, wa kwanza darasani, maana darasa lilikuwa mimi peke yangu.

Kisha baba akafa, wajane wawili wakaingia eda. Kwa sisi Waislamu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, na nyumba yetu ilikuwa na chumba kimoja tu kilichofaa. Waliingia humo kama paka wawili katika gunia moja, mtaa mzima ukangoja kuona nani atatoka hai. Walitoka wote wawili, wameshikana mikono, wakicheka jambo ambalo hawajatuambia mpaka leo.

Mimi miezi ile sikuwa nyumbani jioni. Nilikuwa nimeanza shule ya jioni, option ya bio-kemia, yaani mchepuo wa baiolojia na kemia, nikiwa mwanamke mzima mwenye watoto, nimebanwa kwenye benchi iliyochongwa kwa makalio ya mtoto wa darasa la tano. Mwalimu wetu alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi na miwili na alikuwa akiniita mama hata aliponipa sifuri. Nilipopata diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, nilipiga vigelegele ambavyo vilivuka ziwa, Bujumbura wakadhani kwetu kuna arusi. Lakini jioni zile zote nilipokuwa nakariri sehemu za mwili wa mwanadamu, kule chumbani wake wenza wawili walikuwa wanageuka kuwa ndugu. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa amebadilisha somo, na mwanafunzi wake hodari hakuambiwa.

Basi nikabaki nalo lile somo la zamani peke yangu.

Tumbo la mama lilianza kuvimba miaka michache iliyopita, alipokuwa na umri wa miaka sabini na sita kwa hesabu yake mwenyewe, ambayo hupunguza. Mimi nilipomwona nilifurahi, nikasema mama amenenepa, pilau zangu zinamkubali. Aliyegundua kwamba si unene alikuwa mama mdogo. Walikuwa wanafungiana vitenge asubuhi, mmoja anamkazia mwenzake mgongoni, naye akaona kitenge kinafika kifupi mbele huku mabega yanakonda. Akaona pia kwamba mama anakula matonge mawili ya bugali na kusema ameshiba. Ndiye aliyempeleka hospitali. Mimi nililetewa habari kama jirani.

Walitoa maji tumboni, mengi, ukisema mto Ruzizi ulikosea njia ukaingia kwa mama usingekosea sana. Baada ya siku chache maji yakarudi. Ekografi, ile picha ya tumbo, ikaonyesha uvimbe karibu na ovari, na daktari wa pale akatuita, akasema anaogopa ni kansa ya ovari na kwamba imekwisha kusambaa. Niliposikia neno ovari, Mungu anisamehe, kabla ya kuogopa nilisimama wima. Ovari! Nilikuwa nimeichora kwenye daftari kwa kalamu mbili, nyekundu na bluu. Nikaanza kumweleza mama palepale, kwa mikono, kama niko mbele ya jopo la mtihani. Mama mdogo, ambaye hata jina lake haandiki, alisikiliza mpaka mwisho, akamwinamia mama sikioni na kumwambia kwa maneno matano kwamba ni mayai yake ya zamani. Mama akaitikia kwa kichwa, ameelewa. Somo langu lote la dakika kumi likaanguka chini.

Daktari alisema kukisia hakutoshi. Ili wajue kwa hakika, na wajue kama kuna maana ya kukata, lazima mtu aone ndani na achukue kipande cha kupima. Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kumfungua mama kuanzia kitovuni kwenda chini, na kwa miaka yake na presha yake daktari hakuficha: anaweza asiamke, au aamke na kidonda asichoweza kukibeba. Tena huenda wakamfungua wakakuta hakuna cha kutoa, wakamshona tu. Njia ya pili ni laparoskopi. Wanatoboa matundu madogo matatu, wanapuliza tumbo linyanyuke kama hema, wanaingiza kamera nyembamba kama kalamu, na kila kitu kinaonekana kwenye televisheni. Mashine hiyo haikuwepo Uvira. Kulikuwa na daktari mmoja mwanamke aliyekuwa akishuka nayo kutoka Bukavu, ndani ya masanduku mawili, anakaa siku tatu na kupanda tena. Mama aliandikwa siku ya tatu. Akikosa siku hiyo, basi ni kisu kirefu au kukaa na kungoja, na hali yake haikuwa ya kungoja.

Mama mdogo aliuliza ile hewa wanayopuliza itatokea wapi. Daktari akacheka vizuri, akamweleza. Mimi nilikuwa na swali la maana zaidi lakini nafasi ilikuwa imekwisha kuchukuliwa.

Siku ya kulazwa walitupa jeton. Ni kipande cha bati chenye namba, kinavaliwa shingoni, kimoja tu kwa kila mgonjwa. Anayekivaa ndiye garde-malade: anamwosha mgonjwa, anampikia, analala chini pembeni ya kitanda chake, na maneno yote ya madaktari yanapitia kwake. Wengine wote ni wageni, hata kama ulizaliwa na mgonjwa mwenyewe, na wanaingia saa za wageni. Nilikwisha kunyoosha mkono. Nilikuwa nimefunga godoro langu dogo kwa kamba, nimekuja nalo kichwani mbele ya macho ya mtaa mzima.

"Mpe mama yako mudogo," mama akasema.

Nikadhani hajanielewa. Nikasema mimi ndiye mtoto, tena ndiye mwenye kusoma, papier zote ni za Kifaransa. Mama akageukia ukuta. Mama mdogo akavaa jeton yake taratibu, akainyoosha kifuani kama askari aliyepewa nishani, na mimi nikarudi Kalundu na godoro langu kichwani, mbele ya mtaa uleule.

Kwa siku mbili nilikuja kama mgeni. Kila nilichouliza nilijibiwa na mama mdogo, kwa hiyo nikaacha kuuliza. Afadhali nisijue kuliko kufundishwa na yule. Na hilo ndilo kosa langu, sitalipaka sukari.

Asubuhi ya siku ya tatu geti lilifunguliwa mapema kwa wanaoleta chakula. Nilikuwa nimeamka kupika uji wa mtama, nikaumiminia maziwa ya kutoka milimani, yale mazito ambayo kijiko kinasimama wima ndani yake kama mlingoti. Niliukoroga kwa hasira na kwa mapenzi, sijui kipi kilizidi. Nilipofika wodini mama mdogo hakuwepo, alikuwa bombani anafua. Nilijiona nimeshinda bahati nasibu. Kitanda ni changu, mama ni wangu, jeton haipo.

Juu ya kitanda kulikuwa na karatasi imebandikwa kwa plasta. Niliisoma. Sasa nitaficha nini? Niliisoma, ilisema mgonjwa asile kitu. Na mimi mwenye diploma nikafikiri kama mwenye diploma: kitu ni bugali, kitu ni samaki, uji ni kinywaji, na vinywaji tulijifunza vinapita upesi. Mama alikuwa hajala vizuri wiki mbili. Nikamkalisha, nikachota.

Alinitazama kwanza. Halafu akafungua mdomo. Kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nilikuwa nikihesabu kama refa. Alikula sita. Sita! Mwanamke ambaye matonge mawili yalimshinda. Nikampangusa mdomo, nikafunika chombo changu, nikakaa kwenye kiti cha wageni na shingo ndefu kama ya twiga.

Mama mdogo akarudi na nguo zake mbichi, akanisalimia, nikamsalimia. Baada ya muda wakaja kumchukua mama. Alikuwa wa kwanza kwenye orodha kwa sababu ndiye mzee kuliko wote. Yule mtaalamu wa usingizi, kijana mwenye kofia ya kijani, akauliza akiwa na kalamu mkononi kama mgonjwa amekula au amekunywa chochote.

"Hapana, hajakula kitu," mama mdogo akasema. Alisema kwa fahari. Alikuwa amemlinda usiku kucha, hata maji alikuwa amemlowesha midomo tu kwa kitambaa.

Kijana akarudia swali, safari hii kwa mama mwenyewe. Akaeleza kwamba mtu akilazwa usingizi na kitu tumboni, hasa maziwa, yanaweza kurudi juu na kuingia kwenye mapafu, na mtu wa umri wake haponi hapo. Nikamtazama mama. Mama akatazama dari.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa tayari kwenda vile. Alikuwa tayari kulala na uji wangu tumboni kuliko kuniacha niaibike mbele ya mke mwenzake.

"Amekula," nikasema. "Minye nilimulisha. Uji, na maziwa. Vijiko sita."

Hakuna aliyenipigia kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kijana alifuta kitu kwenye karatasi yake akaenda kumwambia daktari. Daktari alikuja mwenyewe, mwanamke mfupi mwenye macho ya kuchoka, akauliza saa ngapi, akahesabu kwa vidole. Akasema mama atapelekwa mwisho wa orodha, kama muda utatosha. Mbele yake walikuwapo wagonjwa wanne. Kama mmoja wao atachukua muda mrefu, basi mama itabidi angoje safari nyingine, kwa sababu gari lake linapanda Bukavu alfajiri.

Tukakaa nje kwenye benchi moja, mimi na mama mdogo. Nilitafuta kuku kwa macho, maana niliamini tumerudi enzi zile. Mgonjwa wa kwanza akaingia, akatoka. Wa pili akaingia, akakaa humo kama amenunua kiwanja. Jua likapanda juu ya ziwa likaanza kutuchoma magoti. Kila mlango ulipofunguliwa tulisimama wote wawili, tukakaa wote wawili. Sijapata kuswali kama nilivyoswali siku ile, na miguu haikutoka kwenye benchi.

Adhuhuri ilipopita mama mdogo akasema neno la kwanza.

"Sita?"

Nikasema ndiyo, sita.

Akakunja ncha ya kitenge chake na kuikunjua. "Wiki mbili niko namubembeleza," akasema. "Sawa mutoto. Vijiko viwili, anafunga kinywa. Na weye unakuya siku moja, anakula sita."

Akageuza uso upande wa ziwa. Nikauona ule mshipa wa shavuni unavyocheza, nami niliujua vizuri kwa sababu ni huohuo unaocheza kwangu. Alikuwa ananionea wivu. Yeye, mwenye jeton! Mama yangu alikuwa kwenye machela kwa ajili ya upumbavu wangu, maisha yake yakiwa kwenye orodha ya watu wanne, na mimi nilihisi furaha ndogo mbaya ikinipanda kutoka tumboni. Mungu aliniona. Nilifurahi kwa dakika nzima.

Mgonjwa wa nne alitoka wakati vivuli vilikwisha kugeuka. Daktari alichungulia nje, akatutazama, akasema leteni mama yenu. Alisema hivyo kwetu sote wawili.

Ilichukua chini ya saa moja. Daktari alipotoka, mask imeshuka kidevuni, alisema mama amepumua vizuri na anaamka. Kisha akasema mgonjwa alimwachia agizo kabla ya kulala: picha za ndani aonyeshwe mwenzake, mtoto asionyeshwe. Hakuwa na hakika mwenzake ni nani. Mama mdogo akasimama, akavua viatu mlangoni kama anaingia msikitini, akaingia.

Nilibaki na benchi. Nimeona wivu maishani, nimewahi kumwonea wivu mwanamke kwa sababu ya sufuria, lakini ule wa siku ile ulikuwa na meno. Mle ndani ni kwangu. Niliishi mle miezi tisa, mpangaji wa kwanza na wa mwisho, hakuna binadamu mwingine aliyewahi kulala mle. Na sasa anayetembezwa humo, anaonyeshwa kuta, ni mwanamke niliyefundishwa kumtemea mate kivulini. Ile ovari niliichora mimi! Kwa kalamu mbili!

Mama mdogo akatoka. Alivaa viatu, akavikosea, cha kulia kushoto, akaenda navyo hivyohivyo.

Daktari alitukalisha akatueleza kwa maneno, akirudia kila jambo mara mbili kwa Kiswahili chake cha Bukavu. Kansa ilikuwa imesambaa tumboni mote, mpaka juu chini ya mbavu. Kama wangemfungua kwa kisu wasingeweza kuitoa yote, wangemwachia kidonda kirefu bure. Amechukua vipande vya kupelekwa maabara, na amenyonya maji. Majibu yakithibitisha, mama ataanza dawa nzito za kuingizwa kwenye mshipa, pole pole kwa ajili ya umri wake, na zikipunguza ugonjwa ndipo watazungumza tena habari ya kukata. Hakuahidi kupona. Alisema mama ataweza kukaa kitandani kesho na kutembea keshokutwa, na ndivyo ilivyokuwa. Aliyelala karibu yake, aliyefunguliwa kwa kisu wiki iliyotangulia kwa ugonjwa mwingine, alikuwa bado anashikwa pande mbili kwenda msalani. Mama alikwenda mwenyewe, anajishika ukuta, matundu yake matatu yamefunikwa plasta ndogo kama stempu.

Kesho yake niliingia saa za wageni. Mama mdogo aliniona, akachukua ndoo ambayo haikuwa na nguo, akaenda bombani. Nikamuuliza mama kwa nini alikula ilhali alijua.

"Ulikuwa umeleta," akasema.

Nikasema hilo si jibu, angekufa. Akaniambia aliona uso wangu. Kama angekataa ningelia mle mbele ya watu, na mwenzake angerudi akanikuta nalia. Halafu akacheka kidogo, akashika tumbo kwa maumivu, akacheka tena. Nikamuuliza basi kwa nini jeton, kwa nini picha. Hapo hakucheka.

"Mutoto haoshaki mama pale alitokea. Mwenzangu njo atanifunga sanda siku yangu, ao minye nimufunge yeye. Tulipatana mu eda. Weye utalia tu. Muntu wa kulia naye anahitajika."

Kazi ya kulia! Nilitaka kukata rufaa. Lakini alikwisha kufumba macho, na mkono wake ulikuwa umeshika kidole changu kimoja, kama mtoto anavyoshika.

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa na yalikuwa yale aliyotarajia daktari. Mama akaanza dawa. Nywele zake zilidondoka, akasema afadhali, mafuta ya nywele yamepanda bei. Mimi na mama mdogo tukagawana zamu bila mtu kutugawia: siku za dawa anakaa yeye, siku baada ya dawa, zile za kutapika, nakaa mimi. Hatukuwa marafiki. Nilikuwa nikipima kwa jicho nani amesalimiwa kwanza na mama, na najua naye alikuwa anapima.

Siku moja tulikuwa tunachambua ndagala, dagaa wetu wa ziwani, pale uani, mama amelala ndani. Nikamuuliza. Nilijifanya swali ni dogo, nikaendelea kuchambua: mle ndani kulikuwaje?

Mama mdogo ni mzaliwa wa Bwegera, alikulia kwenye mashamba ya mpunga. Alimaliza kwanza ndagala iliyokuwa mkononi.

"Sawa muchele," akasema. "Sawa siku banaanika muchele, mvua inakuya, muntu anaokota haraka, nusu inabakia chini. Mweupe. Kila pahali. Unasema utaokota, haiwezekane, iko mingi." Akafuta mkono kwenye kitenge. "Tangu siku ile sipike muchele. Haukuona?"

Nilikuwa nimeona. Nilikuwa nimesema mtaani kwamba amekuwa mchoyo.

Nikamuuliza kama mama alijua. Akasema mama alimwuliza siku ileile, alipoamka tu, kabla hata ya kuomba maji: umeona nini? Maneno ya daktari mama aliyasikia baadaye na aliyapokea, lakini saa ile alitaka kusikia kutoka kwake.

"Ukamujibu nini?"

"Nilimwambia nimeona chumba ya mutoto wako. Nikasema iko safi, na hata sasa kungali joto. Nikasema ulichora ku ukuta."

Akasema mama alicheka mpaka muuguzi akaja kumkataza kwa sababu ya plasta.

Niliinamia ndagala zangu. Mimi ndiye mwongo wa ile nyumba, kila mtu Kalundu anajua, kazi ya kukuza mambo ni yangu tangu utoto. Na siku moja tu uongo ulipohitajika kweli, ulikuwa mzuri namna ile, na aliyeusema alikuwa yeye. Nilichambua karai zima. Kisha nikamwomba anisimulie tena, mama alicheka vipi, na alianzia wapi.